Kwa nini mwenye Division One anaweza kukosa mkopo wa chuo?

Majina ya waliopata mkopo yakitoka, mtaani huzuka mjadala uleule: fulani ana One kali, kakosa, jirani yake ana Two, kapata. Wengi hukimbilia kusema kuna mkono wa mtu. Lakini Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haitafuti kipanga wa darasa. Inatafuta asiyejimudu. Ufaulu kazi yake ni kukupatia udahili, basi. Anayetaka kusomeshwa kwa sababu ya maksi ana dirisha jingine, Samia Scholarship, lililoanza 2022 kwa vinara wa sayansi.

Masharti ya kuingilia hayana fumbo. Uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 35 unapoomba, uwe umedahiliwa kusoma kwa muda wote katika chuo kinachotambulika, usiwe na ajira wala biashara ya kukuingizia kipato, na uwe umemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano.

Kazi ipo kwenye kuuthibitisha umaskini. Hakuna ofisa atakayekuja kuhesabu mabati ya nyumba yenu. Kinachosomwa ni karatasi. Yatima asiye na cheti cha kifo, kwenye mfumo ni mtoto mwenye wazazi wote wawili. Tena cheti chenyewe lazima kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au mwenzake ZCSRA kwa walio Zanzibar. Mwenye ulemavu anahitaji fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, na waliotoka kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wana namba ya kaya ya kujaza. Binafsi naona hapa ndipo wanyonge wa kweli wanapoumia: marehemu alizikwa kijijini, na hakuna aliyewaza kufuatilia cheti.

Kuna na mtego wa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, ya shule inayoanza na S na ya mtahiniwa binafsi inayoanza na P. Akiombea chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, mfumo unaona watu wawili: mmoja ana chuo hana ombi la mkopo, mwingine ana ombi hana chuo. Na ada ya maombi, shilingi 30,000, imeshakwenda.