Kipanga na kilaza: ni mtu au ni hali?

"Daktari, niambie ukweli, huyu mtoto ana kichwa au hana?" Wazazi wa Majengo na wa Kibosho huniuliza hivyo wakiwa na ripoti ya shule mkononi, na mtoto mwenyewe yupo anasikia. Kazi yangu hapa Moshi ni kupima uwezo wa akili wa wanafunzi, na swali hilo, kama mtoto ni kipanga (mwenye akili nyingi) au kilaza (mzito wa kuelewa), halijibiki kwa neno moja.

Uwezo wa akili hudumu, hilo sitalificha. Tarehe 1 Juni 1932, watoto wa miaka 11 kote Scotland walifanya mtihani mmoja wa akili. Mwaka 1998, wazee 101 kati yao walikusanywa Aberdeen wakaurudia mtihani uleule. Ilikuwa imepita miaka 66, vita vikiwemo, lakini kwa sehemu kubwa waliotangulia utotoni ndio waliotangulia uzeeni. Uwiano kati ya alama za utotoni na za uzeeni ulikuwa 0.63, ungefika 1 kama hakuna aliyehama nafasi yake kabisa.

Ila mimi nasisitiza zaidi habari ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakulima 464 walipimwa kabla ya mavuno, fedha zimekauka, kisha wakapimwa tena baada ya mavuno, mikono ikiwa imeshika kitu. Kabla ya mavuno walikosea zaidi na kujibu polepole zaidi. Watu ni walewale! Watafiti walichunguza chakula na uchovu wa kazi, wakaona havitoshi kueleza tofauti hiyo. Hofu ya fedha ilikuwa imeibana akili.

Kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, tunaijua miezi hiyo ya kabla ya mavuno. Mtu mwenye busara zake huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa ili alipe ada, na majirani wanasema hana akili. Anazo. Ameshikwa na hali, na mimi naamini sehemu kubwa ya tunachokiita upumbavu ni hali ya namna hiyo.

Kipaji nacho hakimfuati mtu kila anakokwenda. Isaac Newton, aliyeeleza nguvu ya mvutano, alipoteza fedha nyingi katika hisa za kampuni ya South Sea mwaka 1720, akiwa ndiye msimamizi mkuu wa utengenezaji wa sarafu za Uingereza.

Kwa hiyo kabla sijatoa karatasi ya kipimo, nauliza. Amelala saa ngapi? Wapo wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la shule. Ameugua malaria karibuni? Anaona ubaoni vizuri? Nyumbani kuna amani? Mtoto mmoja niliyeletewa kama kilaza alihitaji miwani, basi. Nikikuta homa haijaisha au usingizi hautoshi, naahirisha kipimo, hata kama shule inataka namba leo.