PDF inapogoma kuandikwa

Mteja akiniambia "faili limegoma", mara nyingi anazungumzia PDF. Amelifungua, ameona pale pa kuandika jina, amebofya, hakuna kilichotokea. Amebofya tena kwa hasira. Kabla ya kufika kwangu Ngamiani wengine huwa wamekwisha kulipitisha kwenye tovuti mbili tatu za kuligeuza liwe Word, na wanachonionyesha ni jedwali lililosambaratika na nembo ya halmashauri iliyohamia ukurasa wa pili. Mji wetu husemwa "Tanga, waja leo waondoka leo", lakini mwenye PDF iliyogoma nimemwona akilala.

Kazi yangu ni nyaraka: kutaipu, kuskani, kutengeneza fomu za maofisi, kufufua mafaili yaliyoharibika. Kuhusu PDF nina msimamo mmoja: usiilazimishe kupokea maneno mapya ndani ya mistari yake. Maneno mapya yaweke juu yake. Kwa nini nasema hivyo, inabidi tuingie ndani ya faili lenyewe.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993. John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alitaka waraka ukitoka kwenye mashine moja uonekane na uchapwe vilevile kwenye mashine yoyote nyingine, hata kama huko hakuna programu wala fonti zilizoutengeneza. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Kusoma na kuchapa ndiyo shabaha yake tangu mwanzo, na kuhariri hakukuwamo. Kwa hiyo inapokukatalia haijaharibika, inafanya kazi iliyozaliwa nayo.

Ndani ya Word kuna aya, na ukichomeka neno katikati, mengine yanasogea kulipisha. Ndani ya PDF hakuna aya. Kuna amri za kuchora, moja baada ya nyingine, kama zile ungempa fundi rangi anayeandika kibao cha duka: shika brashi hii, simama hapa, andika hivi, inua mkono. Ukitumia programu ya kawaida ya maandishi kufungua PDF ambayo haijabanwa, utakuta mistari ya namna hii:

BT
/F1 12 Tf
72 700 Td
(Jina la mwanafunzi) Tj
ET

BT inaanza maandishi na ET inayafunga. Mstari wa pili unachagua fonti iliyopewa jina F1, ukubwa 12. Wa tatu unaipeleka kalamu pointi 72 kutoka kushoto na pointi 700 kutoka chini. Ndiyo, kutoka chini, maana kipimo cha PDF huanzia pembe ya chini kushoto. Pointi 72 ni inchi moja, na karatasi ya A4 ina pointi 595 kwa 842, kwa hiyo maneno haya yanakaa kama sentimita tano kutoka juu. Mstari wa nne ndio unaoyachora. Nukta nukta za kujazia jina zinazofuata ni amri nyingine kabisa, na kwa faili lenyewe hazina uhusiano wowote na maneno "Jina la mwanafunzi". Wewe unaona pengo la kujaza. Faili halijui kwamba pengo lipo.

Hapo ndipo zile tovuti za kugeuza PDF kuwa Word zinapokwama. Zinatazama mahali herufi zilipo, kisha zinakisia: hizi ziko karibu karibu, huenda ni aya, na hii mistari iliyokatana huenda ni jedwali. Kwa barua ya ukurasa mmoja zinakisia vizuri. Kwa fomu yenye visanduku, mihuri na safu tatu, ni bahati nasibu.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wenzangu hulisahau. Ili faili liwe jepesi, PDF nyingi hazibebi fonti nzima, zinabeba zile herufi tu zilizotumika kwenye waraka. Fonti ya namna hiyo utaitambua kwenye orodha ya fonti za faili, maana jina lake hutanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha. Sasa fikiria waraka ulioandikwa kwa Kiswahili tupu. Herufi Q na X tutazipata wapi? Zikikosekana mle, siku unapotaka kusahihisha jina liwe Felix kwa fonti ileile unabaki na "Feli" na kisanduku kitupu mwishoni, au programu inaazima X kutoka fonti nyingine na kila mwenye macho anaona kuwa herufi ile ni mgeni. Ukiandika juu ya waraka kwa fonti yako mwenyewe, balaa hilo hulioni.

Kabla ya kugusa chochote, tambua faili ni la aina gani. Burura mausi juu ya maneno. Yakipakwa rangi herufi kwa herufi, hayo ni maandishi ya kweli. Usipopata kitu, au ukurasa wote ukishikika kwa mkupuo, una picha mkononi: mtu aliskani karatasi au aliipiga kwa simu. Zikitokea sehemu zenye rangi hafifu ya samawati, hiyo ni fomu yenye nafasi zake, basi chapa tu, usijitafutie kazi. Ipo pia fomu inayofunguka kwenye kivinjari na ujumbe wa Kiingereza wa kukuomba usubiri, ukasubiri mpaka ukachoka. Hiyo imejengwa kwa utaratibu wa zamani uitwao XFA, ambao vivinjari vingi havikuwahi kuusoma vizuri na ambao kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 kiliuacha. Ifungue kwenye kompyuta kwa Adobe Reader, itakubali.

Wenye picha huniuliza sana kuhusu programu za kusoma herufi kutoka kwenye picha. Ninayoitumia ni Tesseract. Ilianzia Hewlett-Packard, ikaachiwa huru mwaka 2005, na inajua Kiswahili. Inafaa sana unapotaka kunakili maneno au kuyatafuta ndani ya waraka. Lakini kinachopatikana kwa kawaida ni maneno yasiyoonekana yaliyotandazwa nyuma au juu ya picha. Picha inabaki picha, na kisanduku cha jina kinabaki kitupu.

Sasa kuandika kwenyewe. Alikuja mzee mmoja wa Makorora na fomu ya mjukuu wake aliyechaguliwa kidato cha tano. Fomu ilipigwa picha kwa simu, ikatumwa WhatsApp ikiwa PDF.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hati yangu mbaya, na hawa wanataka herufi kubwa, kila moja kwenye kijumba chake. Mjukuu kaandika kwenye simu, maandishi hata siyaoni."

Na kweli hayakuonekana. Baadhi ya programu za kupiga picha nyaraka hugeuza kila nukta ya picha (pikseli) kuwa pointi moja ya ukurasa. Picha yenye upana wa nukta 3,024 inakuwa ukurasa wa inchi 42, zaidi ya mita moja. Ukiandika hapo kwa ukubwa wa 12, likichapwa kwenye A4 neno lako linashuka hadi pointi mbili na kitu. Kuna njia mbili. Ama uandike kwa ukubwa wa 60 hivi, ama kwanza ulichape faili upya liwe PDF ya A4, kisha uandike kwa vipimo vya kawaida. Mimi huchagua ya pili, kwa sababu inamaliza na tatizo la ukurasa uliolazwa. Simu hupenda kuhifadhi picha ikiwa imelala na kuweka alama tu kwamba ionyeshwe imesimama. Programu isiyoiheshimu alama hiyo inakuandikia jina kwa ubavu.

Fomu ya mzee nikaifungua kwa LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchora, ambayo kwa ukurasa wa picha haina shida. Vile visanduku vilikuwa na upana wa milimita tano, yaani pointi 14 na nukta kidogo. Ukiandika HALIMA kwa fonti ya kawaida, I inajibana na M inavuka mpaka. Hapo tumia Courier, ambayo kila herufi yake ina upana sawa, asilimia 60 ya ukubwa wake. Kwa ukubwa wa 12, herufi moja inachukua pointi 7.2. Zinazobaki ni pointi 7 hivi, na hizo unazitia kwenye mpangilio wa nafasi kati ya herufi. Ukiisogeza herufi ya kwanza ikae katikati ya kisanduku chake, nyingine zote zinafuata zenyewe hadi mwisho wa mstari. Mzee aliinama kwenye kioo akahesabu visanduku kimoja kimoja, asiamini.

Kwenye mistari ya nukta, inua maandishi pointi mbili juu ya nukta, yasikatwe miguu. Na kama karatasi iliskaniwa ikiwa imepinda, pinda nayo. Maandishi yaliyonyooka juu ya mstari uliolala upande yanachukiza.

Kwa PDF yenye maandishi ya kweli situmii Draw, maana nayo huvunja mistari na kubadilisha fonti isizokuwa nazo. Huko natumia Xournal++, inayouacha ukurasa wa asili kama ulivyo na kukuruhusu kuandika juu yake, halafu inatoa PDF mpya. Asiyetaka kusakinisha kitu, Firefox za tangu mwishoni mwa 2022 zina kitufe cha kuongeza maandishi, na kwa jina na tarehe kinatosha kabisa.

Ila hapo pana mtego. Maandishi yanayowekwa kwa kitufe hicho cha Firefox huhifadhiwa kama kidokezo kilichobandikwa, hayaingii kwenye zile amri za kuchora ukurasa. Kwenye kompyuta yako yanaonekana. Kwenye simu ya afisa anayepokea huenda yasionekane, na printa iliyowekwa ichape waraka pekee inatoa fomu tupu. Kwa hiyo ukimaliza, lichape faili liwe PDF mpya, ili kila kitu kigande kwenye ukurasa. Kisha lifungue kwenye simu, si kwenye programu uliyoandikia.

Nimalizie na kufuli. PDF inaweza kuwa na nywila mbili. Moja ni ya kufungulia, na bila hiyo maudhui yamefumbwa kwelikweli. Nyingine ni ya mwenye waraka, inayosema msomaji asihariri, asinakili au asichape. Hii ya pili ni alama tu ndani ya faili, na kinachoilinda ni adabu ya programu inayolisoma. Kama waraka ni wako na nywila unayo, programu ya bure ya qpdf inatoa kufuli kwa amri moja:

qpdf --password=NYWILA --decrypt zamani.pdf mpya.pdf

Kama si wako, sikufungulii, na usinune. Waraka wenye saini ya kidijitali ndio usiguswe kabisa. Saini ile imekokotolewa kutokana na baiti za faili lenyewe, kwa hiyo neno moja ukiliongeza, msomaji anaonyeshwa kwamba waraka umebadilishwa baada ya kusainiwa.

Na wale wanaofunika bei ya zamani kwa kiraka cheupe na kuandika mpya juu yake: kiraka kinaficha macho, hakifuti. Ile amri ya kuchora bei ya kwanza bado imo, na mpokeaji akiburura mausi na kunakili, anaipata. Hata ukifuta kabisa, programu nyingi huhifadhi mabadiliko kwa kuyaongeza mwishoni mwa faili, na toleo la kwanza linabaki chini yake likisubiri mdadisi. Nimemwona mkandarasi akipeleka makadirio ya aina hiyo, na aliyeyapokea akamsomea bei zote mbili kwa simu.

Vyeti sivigusi. Jina lililokosewa kwenye cheti, alama za mtihani, tarehe ya kuzaliwa, muhuri wa kukata na kubandika: hayo yana ofisi zake, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakuhusu wewe na mimi pamoja.

Vingine vyote vikishindikana, mtu hutaka nikae nalo faili hadi jioni, kumbe kuna njia ambayo haijaribiwi kwa aibu. Ipigie simu ofisi iliyokutumia, uombe faili la awali. Fomu nyingi za PDF zilianza kama Word kwenye kompyuta ya karani fulani, na bado analo.