Betri ya mizinga ya kujitolea: maana yake na kazi yake katika vita vya Marekani, 1861–1865

Betri inayozungumzwa hapa si ya tochi wala ya gari. Ni kikosi cha mizinga kinachoongozwa na kapteni, chenye mizinga 4 au 6, pamoja na watu, farasi na magari yote yanayohitajika ili mizinga hiyo ifike mahali, ifyatue na iondoke. Betri ya umeme ndiyo iliyoazima jina: Benjamin Franklin alilichukua kwa wapiga mizinga katika karne ya 18, alipopanga mitungi yake ya umeme safu moja ili itoe nguvu kwa pamoja. Anayesoma habari za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga, atalikuta neno hili kila ukurasa, kwa mfano "Betri ya 9 ya Massachusetts", na asipoelewa ndani yake mna nini, habari nzima itampita.

Neno "kujitolea" nalo linapotosha. Kwetu mtu wa kujitolea hufanya kazi bila malipo. Askari wa kujitolea wa 1861 alilipwa: dola 13 kwa mwezi kwa askari wa kawaida, zikapanda kuwa 16 mwaka 1864. Alikuwa chini ya sheria za kijeshi, na hakuweza kurudi nyumbani akichoka. Kujitolea kulimaanisha kwamba hakuwa askari wa jeshi la kudumu. Jeshi hilo lilikuwa dogo mno, lenye rejimenti 5 tu za mizinga (rejimenti ni kikosi kikubwa chenye betri kadhaa) hata baada ya kuongezwa moja vita vilipoanza. Kwa hiyo Rais Abraham Lincoln aliyaomba majimbo yatoe watu, kwanza kwa siku 90 (Aprili 1861), kisha kwa miaka 3 (Mei 1861). Jimbo liliwakusanya, gavana akawapa maofisa hati zao, na serikali kuu ikawapokea rasmi, ikawapa mizinga na kuanza kuwalipa. Mahali pengine wafanyabiashara wa mji ndio waliochangisha fedha na kuita vijana. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa betri ya soko la nafaka la Chicago mnamo Julai 1862.

Askari Weusi walipoanza kuandikishwa kwa wingi mwaka 1863, wengi wao hawakuwekwa chini ya majimbo bali moja kwa moja chini ya serikali kuu. Nao walikuwa na betri zao. Walilipwa dola 10, na 3 kati ya hizo zilikatwa kwa ajili ya nguo, hadi Bunge liliposawazisha mishahara katikati ya 1864. Hatari yao pia ilikuwa kubwa zaidi: huko Fort Pillow, Tennessee, tarehe 12 Aprili 1864, wapiga mizinga Weusi wengi waliuawa wakiwa wameshajisalimisha. Kule Kansas kulikuwa na betri moja ambayo hata maofisa wake walikuwa Weusi, chini ya Kapteni Hezekiah Ford Douglas, na katika jeshi la wakati huo hilo lilikuwa jambo la nadra mno.

Majina yana kanuni yake. Betri yenye namba, kama ya 9 ya Massachusetts, ilijitegemea. Yenye herufi, kama Betri B ya Rejimenti ya 1 ya Rhode Island, ilikuwa sehemu ya rejimenti, ingawa rejimenti hiyo kwa kawaida ilikuwapo kwenye karatasi tu, betri zake zikiwa zimetawanywa huku na kule. Herufi zilianzia A hadi M zikiruka J, maana kwa mwandiko wa mkono J na I zilichanganywa. Ukikuta mtu anaeleza habari za "Betri J", ujue amekosea kusoma.

Sasa tuingie ndani ya betri yenyewe. Tuchukue ya mizinga 6 aina ya Napoleon, mzinga wa shaba nyeusi uliotumiwa sana na pande zote mbili. Kila mzinga ulifungwa nyuma ya kigari cha magurudumu mawili chenye kasha la risasi, kikavutwa na farasi 6. Nyuma yake lilikuja gari la risasi lenye makasha mawili, nalo likiwa na kigari chake cha mbele chenye kasha la tatu, na farasi wengine 6. Mzinga na kigari chake, kasha likiwa limejaa, vilikaribia kilo 1,750, yaani kila farasi alivuta kama kilo 290. Farasi walikwenda wawili wawili, na katika kila jozi dereva alimpanda wa kushoto, akamwongoza wa kulia kwa mkono.

Piga hesabu: mizinga 6 na magari 6 ya risasi, farasi 72. Ongeza gari la fundi chuma lenye tanuri ya kutengenezea viatu vya farasi, na gari la vifaa na akiba, kila moja farasi 6. Ongeza farasi wa maofisa, masajini, wapiga tarumbeta na wa akiba, utafika kama 110. Chakula cha farasi mmoja kwa siku kilipangwa kuwa kilo 6.4 za majani makavu na kilo 5.4 za nafaka. Kwa farasi 110 hiyo ni tani 1.3 kila siku, mvua au jua, kuna vita au hakuna. Betri nyingi zilikosa nguvu kwa sababu ya chakula cha farasi kabla hazijakutana na adui.

Watu walikuwa kama 150 betri ikiwa kamili, na mara nyingi haikuwa kamili. Kila mzinga ulikuwa chini ya sajini, akisaidiwa na makoplo wawili: mmoja alilenga, mwingine alitunza gari la risasi. Kila mizinga miwili iliongozwa na luteni.

Kasha moja la Napoleon lilibeba risasi 32: matufe 12 ya chuma kitupu, makombora 12 yaliyojazwa vipande vya risasi, makombora 4 ya baruti tupu, na mikebe 4, yaani makopo yenye matufe madogo. Makasha manne kwa kila mzinga yanatoa risasi 128. Mpiga mzinga mtulivu hufyatua mara mbili kwa dakika akilenga vizuri, kwa hiyo akiendelea bila kusita atayamaliza yote kwa saa moja na dakika chache. Ndiyo maana Jenerali Henry Hunt, mkuu wa mizinga wa Jeshi la Potomac, jeshi kubwa la Kaskazini upande wa mashariki, aliwakaripia makapteni waliofyatua ovyo. Kwake, mtu anayemaliza risasi haraka anatafuta sababu ya kuondoka vitani.

Kushindilia mzinga kulifanana na kushindilia gobori, ila kwa watu wengi na kwa mpangilio mkali. Kila mtu alikuwa na namba. Namba 1, kulia kwa mdomo wa mzinga, alishika mti mrefu wenye sponji upande mmoja na kichwa cha kushindilia upande wa pili. Aliichovya sponji majini, akaiingiza hadi chini kabisa na kuizungusha ili kuzima kaa lolote lililobaki. Namba 5 alileta risasi mbio kutoka kwenye kigari akiwa ameificha ndani ya mkoba wa ngozi, akamkabidhi namba 2, aliyeiweka mdomoni mfuko wa baruti ukitangulia. Namba 1 akashindilia. Koplo alilenga huku namba 3 akiusogeza mkia wa mzinga kwa mti. Kisha namba 3 alichoma mfuko wa baruti kwa sindano kupitia tundu la kuwashia. Namba 4 alitia ndani ya tundu kijibomba cha shaba chenye unga wa kuwaka na waya wa meno meno, akarudi nyuma na kigwe mkononi. Amri ilipotoka alivuta kigwe, waya ukasugua unga kama njiti inavyosugua kiberiti, na mzinga ukalia. Namba 6 na 7 walibaki kwenye kasha wakiandaa risasi ifuatayo.

Kazi iliyoonekana nyepesi kuliko zote ndiyo iliyobeba maisha ya mwenzako. Namba 3 alivaa ala ya ngozi kwenye kidole gumba, na muda wote namba 1 alipokuwa akisafisha na kushindilia, yeye aliziba tundu kwa gumba hilo. Akiliachia, mti unaposhuka unasukuma hewa itoke tunduni, na unapopanda unavuta hewa mpya ndani. Hewa hiyo huamsha kaa lililolala, na kaa likikuta baruti, mzinga unafyatuka wakati mikono ya namba 1 bado iko mbele ya mdomo. Wengi walipoteza mikono kwa njia hii, na wengine maisha. Shaba ilipopata moto baada ya mapigo mengi, gumba liliungua hata ndani ya ngozi, na bado halikupaswa kutoka.

Kwa sababu hiyo hiyo mfuko wa baruti ulishonwa kwa kitambaa cha sufu, si cha pamba. Sufu huungua ikaisha. Pamba huacha vipande vyenye moto uliojificha. Watu wa pwani yetu watakumbuka kwamba vita hivi ndivyo vilivyokata biashara ya merikani, ile nguo ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts iliyokuwa ikifika Unguja kwa wingi, bei ikapanda na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Merikani ilifaa kwa mengi, lakini si kwa kubebea baruti.

Kosa lingine la kawaida lilikuwa utambi wa kulipua kombora. Kombora la vipande lilikuwa na risasi ndogo 78 ndani, likitakiwa kupasuka juu na mbele kidogo ya adui. Namba 6 alisoma jedwali lililobandikwa ndani ya kifuniko cha kasha, akatoboa utambi kwa muda uliotajwa, robo sekunde kwa robo sekunde, mwisho sekunde 5 na robo. Ukikosea nusu sekunde, kombora linapasuka zaidi ya mita 100 kabla au baada ya shabaha, labda juu ya vichwa vya askari wako. Upande wa Kusini viwanda vilishindwa kutengeneza tambi za kuaminika, na askari wao wa miguu walijifunza kuogopa mizinga iliyo nyuma yao wenyewe.

Mkebe haukuhitaji utambi. Ulikuwa kopo la bati lenye matufe 27 ya chuma yaliyofukiwa ndani ya unga wa mbao. Lilipasuka pale pale mdomoni, na ndani ya mita 300 hivi liliwafagia watu kama bunduki kubwa ya ndege. Betri iliyofika kwenye mikebe ilijua adui yuko karibu mno. Ilipofika kutia miwili kwa pamoja, ilikuwa inapigania roho.

Napoleon ilifika kama mita 1,480 ikiinuliwa nyuzi 5. Mzinga wa chuma wa inchi 3 wenye mifuo ndani ulifika zaidi ya mita 1,600 kwa chini ya nusu kilo ya baruti na ulilenga vizuri zaidi, lakini mdomo wake mdogo ulibeba mkebe mdogo. Betri yenye aina moja ya mizinga ilikuwa rahisi kuhudumia. Nyingi za Kusini zilichanganya aina mbili au tatu, na risasi zikifika katikati ya vita zilikuwa za mzinga usiokuwapo.

Orodha ya huduma ya betri kwa kawaida ni mistari mifupi ya mahali na tarehe. Ya Betri ya 9 ya Massachusetts inaanza Agosti 1862 kwa kuandikishwa, kisha karibu mwaka mzima katika ngome za kulinda Washington. Wakati huo ulikuwa wa mazoezi, ulinzi na kusugua farasi. Mwisho ina mapigano ya Wilderness, Spotsylvania na Cold Harbor ya 1864, mahandaki ya Petersburg, na kuachishwa kazi Juni 1865. Katikati kuna neno Gettysburg, mji wa Pennsylvania palipopiganwa kwa siku tatu.

Ilikuwa mara yao ya kwanza vitani. Tarehe 2 Julai 1863 alasiri, safu ya Kaskazini mbele yao ilivunjika, na Kapteni John Bigelow akaamriwa arudi nyuma. Kufunga mizinga kwenye vigari huchukua muda, na muda huo betri haifyatui. Bigelow akaamuru kamba. Kila betri ilikuwa na kamba nene ya kama mita 8: unaunganisha mkia wa mzinga na kigari, farasi wanavuta polepole, na mzinga unaendelea kupiga huku ukirudi, kishindo cha kila pigo kikiusaidia kwenda nyuma. Walirudi hivyo mamia ya mita hadi uwanja wa shamba la Trostle, wakabanwa kwenye kona ya ukuta wa mawe. Hapo Luteni Kanali Freeman McGilvery akawaambia wabaki kwa gharama yoyote, kwa sababu nyuma yao hapakuwa na safu na alihitaji muda wa kupanga mizinga mingine.

Walikaa kama nusu saa, wakipiga mikebe. Askari wa Rejimenti ya 21 ya Mississippi waliwalenga farasi kwanza, maana betri isiyo na farasi haiendi popote. Kati ya farasi 88 walioingia vitani, 80 walikufa au kuumia. Watu 28 waliuawa, walijeruhiwa au walitoweka. Bigelow mwenyewe alipigwa risasi, akaokolewa na mpiga tarumbeta wake, Charles Reed, aliyempandisha juu ya farasi na kumpitisha taratibu katikati ya moto wa pande mbili. Mizinga 4 kati ya 6 ilitekwa.

Jioni hiyo hiyo mizinga ilikombolewa. Hata hivyo kesho yake, siku ya tatu ya vita, Luteni Richard Milton, aliyeshika uongozi baada ya Bigelow, aliweza kupeleka kwenye safu mizinga 2 tu.