Usihesabu gia, hesabu meno

"Baiskeli yangu ina gia 27, mlima utanishinda vipi?" Swali hili haliishi, na mimi hulijibu kwa swali: ile gia nyepesi kuliko zote ina meno mangapi mbele, kwenye sahani ya pedali, na mangapi nyuma, kwenye sahani ya gurudumu? Hapo kimya. Ukifunga mabegi manne na barabara ikapanda kwa saa tatu, utatumia gia moja, pengine mbili. Zile 25 utazibeba tu kama mzigo mwingine.

Tupige hesabu. Mwendeshaji kilo 75, baiskeli 15, mizigo 20: jumla kilo 110. Mwinuko wa asilimia 8. Mtu mwenye mazoezi ya wastani akitoa wati 150, ukiondoa kinacholiwa na mnyororo na matairi, atakwenda kilomita 5.5 kwa saa. Ndiyo, tano na nusu. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, hiyo ni mizunguko 44 ya gurudumu kwa dakika. Ukiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma, miguu itazungusha mara 36 kwa dakika. Ukiwa na 22 mbele na 34 nyuma, mara 68. Wati ni zilezile, mwendo ni uleule, ila nguvu ya kila mkanyago imepungua karibu nusu. Goti halijui wati, linajua mkanyago.

Halafu waje wa "gia ndogo ni za wanyonge". Imani hiyo ina uzee wake: Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, hakuzitaka gia za kubadilisha, na mashindano yake hayakuruhusu vihamisha mnyororo hadi 1937. Siku hizi mabingwa wenyewe wanapanda kwa gia nyepesi, tena bila hema wala sufuria. Stelvio, njia ya milimani huko Italia, kutokea kijiji cha Prato ni kilomita 24 hivi, kona 48 na kupanda mita zipatazo 1,800. Kwa mwendo wetu ni zaidi ya saa nne. Simama juu ya pedali kwa saa nne, kisha tuzungumze unyonge.

Wengine hukata mpini wa mswaki ili kupunguza uzito. Kupunguza kilo 5 kutoka 110 ni chini ya asilimia 5. Kwenye kupanda mita 1,000 kunakochukua saa mbili na robo, utaokoa dakika sita. Punguza, sikatazi. Lakini gia ndiyo itakayoamua kama unaendesha au unasukuma.

Sasa linaloniudhi zaidi: watu hununua kaseti, yaani seti ya sahani za meno za gurudumu la nyuma, yenye sahani kubwa, wakadhani wamemaliza. Kihamisha mnyororo cha nyuma kina vikomo viwili. Cha kwanza ni idadi ya meno ya sahani kubwa kinayoweza kuifikia. Cha pili ni ulegevu wa mnyororo kinaoweza kuumeza: tofauti ya meno kati ya sahani kubwa na ndogo za mbele, jumlisha tofauti hiyohiyo ya nyuma. Ukiwa na 44 na 22 mbele, na 34 na 11 nyuma, ni 22 na 23, yaani 45. Kifaa chenye mkono mfupi (ule unaovuta mnyororo uliolegea) hakiwezi. Na mnyororo lazima utoshe kuzunguka kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Usiseme hutatumia gia hiyo. Ukichoka utaiingiza kwa bahati mbaya, na mnyororo mfupi utang'oa kitu. Mbele nako, kranki (mikono ya pedali pamoja na sahani zake) yenye bolti 5 katika mduara wa milimita 110 kwa kawaida huishia meno 34. Ukitaka 22, tafuta kranki ya sahani tatu yenye mduara mdogo wa bolti za ndani wa milimita 64. Pima kabla ya kulipa.

Kuhusu kasi ya miguu, sina uhakika kama wenye vitabu vya mazoezi. Vipimo vya oksijeni mara nyingi huonyesha kwamba kuzungusha polepole, mara 60 hivi, hula hewa kidogo kuliko 90. Kwa hiyo sisemi 90. Nasema usishuke chini ya 60, kwa ajili ya magoti.

Mizigo: vitu vizito chini, na sehemu yake iwe mbele, la sivyo usukani utayumba kwenye kilomita 5 kwa saa. Kwenye kona kali, njia ya ndani ndiyo yenye mwinuko mkubwa. Pita nje kama hakuna gari. Badilisha gia kabla mwinuko haujakubana, maana mnyororo uliovutwa kwa nguvu zote haupendi kuhama.

Na baiskeli ikiangukia upande wa mnyororo ikiwa na mabegi, kagua kile kipande kinachoshika kihamisha mnyororo kwenye fremu. Kikipinda kwenda ndani hata kidogo, gia nyingine zinaweza kuonekana zinafanya kazi vizuri. Ni ile nyepesi kabisa inayoweza kukiingiza kihamisha kwenye spoki, mlimani, ukiwa umekanyaga kwa nguvu zako zote.