Hekalu la Hatshepsut: kila ukuta unamtetea mwenyewe

Ukitaja Misri ya kale watu wanawaza mapiramidi tu, sasa leo twende Luxor, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, sehemu inaitwa Deir el-Bahari. Chini ya jabali refu kuna hekalu la ngazi tatu zenye safu za nguzo, na katikati njia pana ya kupandia. Aliyelijenga ni Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama farao mpaka mwaka 1458 hivi kabla ya Kristo.

Kwanza tuelewane, humu hakuzikwa. Ni hekalu la kumhudumia mfalme akishakufa, makuhani wanaleta vyakula na ubani kila siku, ila kaburi lenyewe liko nyuma ya jabali, kwenye Bonde la Wafalme.

Sasa ishu yake ilikuwa hivi. Baba yake ni Thutmose I, akaolewa na kaka yake wa mama mwingine, Thutmose II, jamaa akafa mapema na mrithi, Thutmose III, alikuwa mtoto mdogo tena wa mke mwingine. Hatshepsut akaanza kama mlezi wa kiti tu, miaka michache baadae akajivika taji mwenyewe. Wala hakumpindua yule mtoto, wote wawili walihesabika wafalme, ila bosi alijulikana. Hapo lazima ujieleze, na yeye alijieleza kwa mawe. Ukuta mmoja unaonyesha mungu Amun akimwendea mama wa Hatshepsut usiku, yaani huyu binti kazaliwa na mungu, nani abishe? Na kwenye sanamu kibao kavaa ndevu za bandia kama wafalme wanaume.

Kwangu mimi ukuta mtamu zaidi ni wa safari ya kwenda nchi ya kale ya Punt, mwaka wa 9 wa utawala wake. Zimechongwa meli tano, zinapakiwa dhahabu, mpingo, pembe za ndovu, nyani, na miti ya manemane mizima mizima na mizizi yake ndani ya vikapu ili ikapandwe Misri! Yupo mkuu wa Punt na mke wake Ati, mama mnene kweli, na nyumba zao za juu ya nguzo zenye ngazi. Punt ilikuwa wapi bado wanabishana, ila watafiti waliopima nyani waliokaushwa wa Misri walipata alama zinazoelekea Eritrea, Ethiopia na Somalia, kwahiyo ni huku huku upande wetu wa Afrika.

Miaka kama 20 baada ya kufa kwa Hatshepsut, Thutmose III akiwa mzee, mafundi wakatumwa kufuta jina na picha zake. Watu hupenda kusema ilikuwa hasira ya mtoto wa kambo, mi sikubali, mtu mwenye hasira hangoji miaka 20. Tena walifuta zile za ufalme, za umalkia wakaziacha. Inaelekea Thutmose III alitaka mwanae Amenhotep II arithi bila maswali.

Na hawakumaliza kazi vizuri. Champollion, yule Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Misri, alifika pale 1829 akashangaa, mchoro ni mfalme mwenye ndevu lakini maandishi ya pembeni yanamtaja kama mwanamke, na kwenye orodha za wafalme za kale hayumo kabisa.