Kijiji mahame cha Uingereza: maana yake, na kisa cha Wharram Percy

Kijiji mahame, kwa wanahistoria wa Uingereza, ni kijiji kilichokuwa na kaya zake, mashamba yake na mara nyingi kanisa lake, kisha watu wakaisha hadi isibaki nyumba inayokaliwa, au ikabaki nyumba moja tu ya mwenye shamba. Vinavyotajwa zaidi ni vya enzi za kati, na vilivyokwisha kutambuliwa vimepita 3,000. Kijiji kilichopungua watu lakini bado kinaishi hakihesabiwi humo, wala kile kilichosogea tu kufuata barabara mpya.

Kinachojulikana kuliko vyote ni Wharram Percy, huko Yorkshire, kaskazini mwa nchi, kwenye vilima vya mawe ya chaki karibu na mji wa Malton. Wharram inatajwa katika Domesday, daftari kubwa la mali na kodi la mwaka 1086. Percy ni jina la ukoo wa makabaila waliomiliki ardhi hiyo kwa muda mrefu. Nyumba zilijengwa kwa safu juu ya ukingo wa bonde, kila moja ikiwa na kiwanja chake na kipande cha ardhi nyuma yake. Chini bondeni kulikuwa na kanisa la Mtakatifu Martin, chemchemi, na bwawa la kuendeshea kinu cha kusagia nafaka. Kuzunguka kijiji yalikuwapo mashamba makubwa yasiyo na ua, yaliyokatwa vipande vyembamba virefu, na kila familia ilikuwa na vipande vyake huku na kule. Hakuna aliyelima peke yake: majira ya kupanda, ya kuvuna na ya kufungulia mifugo ile mabua yalipangwa kwa pamoja.

Ukimuuliza mtu kilichoua vijiji hivi, jibu la kwanza huwa tauni. Ni kweli kwamba tauni ya 1348 na 1349 iliua Waingereza wengi mno, pengine theluthi moja, pengine nusu. Wharram Percy nacho kilizika watu wake. Lakini hakikufa. Kiliendelea kuwa na watu kwa takriban miaka 150 baada ya hapo, na anayetaka kuelewa mahame haya lazima aitazame miaka hiyo, si mwaka wa tauni peke yake.

Tauni ilibadili hesabu ya mwenye ardhi. Watu walipopungua, vibarua waliobaki waliweza kudai ujira mkubwa zaidi, na walaji wa nafaka wakawa wachache. Sufu, kwa upande mwingine, iliendelea kuwa na soko. Kulima ngano kulihitaji ng'ombe wa kukokota plau, wapandaji, wapaliliaji na wavunaji. Kundi kubwa la kondoo lilimhitaji mchungaji na mbwa wake. Kwa hiyo kila familia iliyoondoka, kwa kufa au kwa kwenda kutafuta ardhi bora kwingine, haikuwa na wa kuirithi, na kipande chake kikageuka malisho. Mwanzoni mwa karne ya 15 ardhi ya Wharram Percy ilitoka kwa ukoo wa Percy ikaenda kwa ukoo wa Hilton. Ilipofika karibu na mwaka 1500, familia nne za mwisho ziliondolewa, nyumba zao zikaachwa zibomoke, na mashamba yakawa ya kondoo.

Serikali ilijua yanayotokea. Mwaka 1489, chini ya Mfalme Henry VII, ilitungwa sheria ya kuzuia kubomolewa kwa nyumba za wakulima, na mwaka 1517 Kadinali Wolsey, waziri mkubwa wa Mfalme Henry VIII, akaunda tume ya kuchunguza mashamba yaliyozungushiwa ua na watu waliofukuzwa. Kwa Wharram Percy ilikuwa imechelewa. Mimi naona ni muhimu kulisema hili waziwazi, kwa sababu tauni haina wa kulaumiwa, ilhali familia zile nne ziliondolewa kwa uamuzi wa mtu mwenye ardhi.

Haya yote yamejulikana kwa subira kubwa. Mwanahistoria wa uchumi Maurice Beresford alianza kuchimba hapo mwaka 1950, na baadaye kidogo akaungana naye mwanaakiolojia John Hurst. Kila kiangazi walirudi na watu wa kujitolea, mpaka mwaka 1990. Kabla yao wachimbaji wengi wa Uingereza walifuata ngome, monasteri na majumba ya Warumi. Nyumba ya mkulima wa kawaida haikudhaniwa kuwa na la kusema. Badala ya kuchimba mitaro myembamba, wao walifungua eneo zima la nyumba kwa pamoja, ili sakafu, kuta na uwanja vionekane kama vilivyokaa.

Kanisa ndilo lililonivutia kuliko yote. Watu walipoongezeka, lilipanuliwa kwa kuongezwa sehemu za pembeni; walipopungua, sehemu hizo zikabomolewa na matao yake yakazibwa kwa mawe. Matao hayo yaliyozibwa bado yanaonekana, na ukiyafuata unasoma idadi ya waumini ikipanda na kushuka karne kwa karne. Lilidumu kuliko kijiji chenyewe, kwa kuwa lilihudumia pia watu wa vijiji jirani kama Thixendale, hadi Thixendale kilipojengewa kanisa lake karne ya 19. Ibada ya mwisho ilifanyika mwaka 1949, na miaka kumi baadaye sehemu ya mnara ikaanguka.

Asiye mtaalamu naye anaweza kuyatambua mahame ya aina hii. Tafuta kanisa lililo peke yake katikati ya malisho. Jua likiwa chini, vivuli huonyesha miinuko ya mraba palipokuwa na nyumba, njia zilizozama kwa kukanyagwa miaka mingi, na matuta marefu ya plau ya zamani. Kutoka angani huonekana vizuri zaidi.

Si vijiji vyote vilivyokufa kwa ajili ya kondoo, wala si vyote vya zamani hivyo. Mnamo Desemba 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakazi wa Imber huko Wiltshire na wa Tyneham huko Dorset waliondolewa ili majeshi yapate mahali pa mazoezi. Vita vikaisha, wasirudishwe. Mwaka 1961 watu wengi waliandamana kudai Imber ifunguliwe, lakini jeshi likaruhusiwa kubaki, na hadi leo kanisa lake la Mtakatifu Giles hufunguliwa kwa wageni siku chache tu kwa mwaka.