Riwaya moja, vyungu vingi: yanayodhaniwa kuhusu klabu ya vitabu Mtwara

Marafiki wakikutana nyumba kwa nyumba kila mwezi, jirani wa Mtwara hana shaka: hicho ni kikoba, na swali lake ni hisa moja shilingi ngapi. Ukimwambia mnasoma riwaya na kula pamoja, ndipo dhana zinapoanza kumiminika.

Ya kwanza ni kwamba riwaya ni za wanafunzi. Hii ndiyo sugu kuliko zote, maana wengi wetu riwaya ya mwisho tuliishika tukijiandaa na mtihani wa kidato cha nne: taja wahusika, eleza dhamira, toa hoja tatu kwa kila kitabu. Lakini Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake kwenye Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alikuwa anaandika upelelezi wa kumnyima mtu usingizi. Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, naye alisomwa na watu ambao shule walishaiaga zamani. Kitabu hicho hicho cha darasani kinabadilika ukikisoma ukiwa na watoto wako na madeni yako. Mhusika uliyemwita mpumbavu ukiwa na miaka kumi na saba, leo unamtetea kwa sauti. Kwetu anayeuliza "dhamira kuu ni ipi" anaosha vyombo.

Dhana nyingine: bila fedha ya kununulia kila mtu nakala, klabu haiwezi kusimama. Nakala mbili zinatosha watu wanane kama kuna utaratibu. Atakayekuwa mwenyeji mwezi ujao anasoma wa mwisho, ili kitabu kiwe kwake siku ya kikao, na anayekaa nacho zaidi ya wiki anapigiwa simu bila haya. Maktaba ya mkoa nayo ipo, watu wanaipita tu. Vingi tunaagiza Dar es Salaam, vinakuja na basi kama kifurushi kingine chochote, na barabara ikiwa salama unakipokea kesho yake. Isipokuwa salama, unasubiri: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Somanga, abiria wenyewe walikwama njiani, sembuse kitabu.

Kuna wanaopima ugumu wa kitabu kwa unene wake. Waulize waliosoma Nagona ya Kezilahabi. Ni kijitabu cha kumaliza ndani ya daladala, na bado watu wanatoka kikaoni hawajakubaliana nani kafa na nani yu hai.

Halafu ipo ile ya wasomi wetu, kwamba riwaya nzito ni ya Kiingereza. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliandika kwa Kiingereza, kweli, na Tuzo ya Nobel ya 2021 akaipata hivyo hivyo. Lakini riwaya yake ya 1994 tunayo kwa Kiswahili tangu 2022, kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, anafuata msafara wa biashara kwenda bara. Mji anakotokea ni wa kubuni, ila msomaji wa Mikindani, mji mkongwe hapa jirani, hahitaji kuelezwa msafara ni nini. Bandari ya Mikindani ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda na kutoka Ziwa Nyasa, ya pembe na ya watumwa. Livingstone aliingilia hapo mwaka 1866, na boma la Wajerumani la 1895 bado linatazama ghuba. Kwa Kiingereza tungekuwa tunamsikiliza yule mmoja aliyeelewa. Kwa Kiswahili kila mtu alikuwa na la bibi yake, na kikao kilikwenda hadi usiku.

Kuhusu chakula, watu husema ndicho kisingizio chenyewe, kitabu ni geresha. Mimi sikatai kwamba wapo waliokuja kwa harufu ya pweza wa nazi. Wakarudi kwa sababu ya kitabu, basi, shida iko wapi? Dhana inayovunja vikundi ni nyingine: kwamba mwenye zamu anapika kila kitu. Msimu wa korosho, minada ikishaanza Oktoba na malipo yakiingia, mmoja atapika biriani. Anayefuata ataona aibu kuweka mezani ugali wa muhogo, na mwenye zamu ya tatu atapata "udhuru". Kwetu mwenyeji anapika wali au ugali tu. Vitoweo vinakuja na wageni, na kisamvu cha nazi kina heshima sawa na kaa. Mwezi wa Ramadhani kikao kinahamia baada ya tarawehe.

Mjadala kabla ya chakula, nasisitiza. Wali wa nazi ukishashuka hakuna hoja inayosimama. Wakati wa mjadala inatosha sinia ya ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, chumvi na pilipili pembeni, kila mtu anamenya na kubisha. Chakula kikiletwa, kitabu kinapanda juu ya kabati. Sheria hiyo ilichelewa kidogo: nakala yetu moja ina alama ya dole gumba la bizari katikati ya ukurasa wa msiba, na kila anayefika hapo anajua kuna mwenzake aliyelia huku anakula.

Ya mwisho ni ya simu. "Tupige picha kurasa zote, tutupie kwenye kundi la WhatsApp, si hatuuzi?" Kutouza hakuhalalishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki ya kuamua nani anakili kazi yake, uuze au usiuze. Kuazimana nakala mliyoinunua ni ruksa; kunakili kitabu kizima ndiyo kosa. Anayeona zamu yake inachelewa amfuate aliyenacho nyumbani kwake, ila asiende wakati wa kula.